Kuchagua Mashine ya Kuchapia Diski kwa Gharama Nafuu

Ichukuliwe kwamba shule moja ya sekondari imetumia muhula mzima kurekodi masimulizi ya wazee wa kata yake: asili ya koo, majina ya miti ya dawa, na nyimbo za mavuno ambazo vijana wa leo hawazijui. Masimulizi hayo yamewekwa katika diski 200 ili zigawiwe kwa maktaba na madarasa. Kila diski imeandikwa jina kwenye karatasi yenye gundi na kubandikwa juu yake. Baada ya mwaka mmoja baadhi ya diski hazisomeki tena. Karatasi zimejikunja kwa joto, nyingine zimebanduka na kung'oa utando wa chini yake. Wakati huo mmoja wa wazee waliosimulia amekwisha fariki dunia. Kilichopotea hapo hakiwezi kurekodiwa upya.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hatari inayoelezwa ndani yake ni ya kweli. Kuandika jina juu ya diski huonekana kuwa jambo dogo, na aghalabu huachiwa dakika ya mwisho. Kwa hakika ni sehemu ya kazi ya kuhifadhi. Makala haya yanaeleza jinsi diski ilivyoundwa, njia zinazotumika kuandika juu yake, na namna ya kukokotoa gharama ili mnunuzi asidanganywe na bei iliyobandikwa kwenye mashine dukani.

Huenda mwanafunzi akauliza: je, diski zina faida gani katika zama za simu na intaneti? Jibu ni kwamba diski ya kurekodiwa mara moja, ikisha kufungwa, haiwezi kufutwa kwa bahati mbaya wala kuingiliwa na virusi vya kompyuta. Tena yaweza kutumika mahali pasipofika intaneti. Hata hivyo, biashara ya diski inapungua. Kampuni ya Taiyo Yuden ya Japani, iliyobuni diski ya CD ya kurekodiwa mwaka 1988, iliacha kutengeneza diski mwishoni mwa mwaka 2015. Sony nayo iliacha kutengeneza diski za Blu-ray za kurekodiwa mwezi Februari 2025. Kwa sababu hiyo mnunuzi wa leo hana budi kuwa mwangalifu kuliko yule wa miaka ishirini iliyopita.

UMBILE LA DISKI

Diski za CD zilianza kuuzwa nchini Japani mwaka 1982, baada ya Sony na Philips kukubaliana juu ya vipimo vyake. Kipenyo ni milimita 120, unene ni milimita 1.2, na tundu la katikati lina kipenyo cha milimita 15. Diski za DVD na Blu-ray zilizokuja baadaye zilifuata vipimo hivyohivyo vya nje. Ndani, hata hivyo, zinatofautiana sana, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua jinsi kila diski inavyopaswa kuandikwa.

Katika CD, mwanga wa leza huingia kwa chini, hupita katika plastiki ngumu iitwayo polikaboneti, kisha hufika kwenye tabaka la habari lililo juu kabisa. Juu ya tabaka hilo kuna madini yanayoakisi mwanga, na juu ya madini hayo kuna vanishi yenye unene wa mikromita chache tu, yaani nyembamba kuliko unywele wa binadamu. Basi watu wengi wamekosea wanapodhani kuwa upande wa chini unaong'aa ndio dhaifu, na upande wa juu ni salama. Mkwaruzo mdogo wa chini waweza kusuguliwa ukatoka. Mkwaruzo wa juu ukifika kwenye madini, habari za mahali pale zimekwisha.

DVD ni vipande viwili vya plastiki vya milimita 0.6 kila kimoja vilivyogandishwa pamoja, na tabaka la habari liko katikati. Kwa hiyo upande wake wa juu umekingwa vizuri zaidi. Blu-ray ni kinyume cha CD: tabaka lake la habari liko milimita 0.1 tu kutoka upande wa kusomea, na upande wa juu una kinga ya milimita 1.1.

Kutokana na maelezo haya yafuata mambo mawili. Kwanza, kalamu ya ncha ngumu isitumike kamwe juu ya CD. Pili, wino wenye viyeyushi vikali haufai, kwa kuwa unaweza kula vanishi. Kalamu ya ncha laini yenye wino wa maji, iliyotengenezwa kwa ajili ya diski, ndiyo inayofaa.

KWA NINI KARATASI YA GUNDI HAIFAI

Hapa fizikia ya darasani hutoa jibu bayana. Karatasi ya gramu 100 kwa mita mraba ikikatwa kwa umbo la diski huwa na masi ya gramu 1 hivi. Ichukuliwe kwamba imebandikwa milimita 1 nje ya kitovu. Kisomeo cha kompyuta chenye kasi kubwa huweza kuzungusha diski kiasi cha mara 10,000 kwa dakika, sawa na radiani 1,047 kwa sekunde. Kani ya mzunguko hupatikana kwa kuzidisha masi, nusukipenyo na mraba wa kasi ya mzunguko:

0.001 × 0.001 × 1,047 × 1,047 = newtoni 1.1 takriban.

Uzito wa karatasi hiyo ikiwa imelala mezani ni kiasi cha newtoni 0.01 tu. Maana yake ni kwamba kosa la milimita 1 huzaa kani inayozidi uzito wa karatasi yenyewe mara 110, nayo hubadili mwelekeo mara 167 kila sekunde. Diski hutetemeka, leza hupoteza njia, na usomaji hukwama. Zaidi ya hayo, karatasi hunywa unyevu wa hewa na kutanuka, ilhali plastiki haifanyi hivyo kwa kiasi kilekile. Diski hujipinda polepole. Katika mwambao wenye joto na unyevu mwingi, madhara haya huja upesi zaidi.

NJIA ZA KUCHAPA JUU YA DISKI

Mashine ya kuchapa kwa leza, ambayo ni ya kawaida katika ofisi, haifai kabisa. Karatasi inayopita ndani yake hupindwa kwenye magurudumu, na diski haipindiki. Aidha, unga wa rangi hugandishwa kwa joto linaloweza kufika nyuzi 180 za Selsiasi au zaidi, hali polikaboneti huanza kulainika karibu na nyuzi 147.

Njia ya pili ilikuwa LightScribe, iliyotangazwa na kampuni ya HP mwaka 2004. Diski yenye utando maalumu iligeuzwa juu chini, na leza ileile iliyorekodi habari ilichora maandishi ya kijivu. Njia hiyo haikuhitaji wino, lakini ilikuwa ya polepole na maandishi yalififia kwa mwanga. Imekwisha kuachwa, na haifai kujenga mpango mpya juu yake.

Njia ya tatu ni ya utepe. Kichwa chenye joto huyeyusha nta yenye rangi kutoka kwenye utepe na kuigandisha juu ya diski. Maandishi yake ni imara wala hayatoki kwa maji. Mashine nyingi za aina hii hutengenezwa kwa ajili ya viwanda na studio kubwa, na bei yake huzidi uwezo wa shule.

Njia ya nne, inayofaa zaidi kwa shule, kwaya na studio ndogo, ni ya kurusha wino. Kichwa cha mashine kina vitundu vingi vidogo visivyoonekana kwa jicho, na kila kitundu hurusha matone ya pikolita chache. Katika mashine za Canon na HP, kinanga kidogo cha umeme huchemsha wino kwa muda wa sehemu za milioni za sekunde, na povu la mvuke husukuma tone nje. Katika mashine za Epson, fuwele hubadili umbo inapopewa volti na kulikamua tone. Tabia hiyo ya fuwele ilithibitishwa kwa majaribio na ndugu wawili, Pierre na Jacques Curie, mwaka 1881. Ikiwa tone moja ni pikolita 3, basi mililita 1 ya wino hutoa matone zaidi ya milioni 330.

Wino huu hauwezi kushika juu ya vanishi tupu. Hujikusanya kama maji juu ya jani la mgomba. Lazima zinunuliwe diski zenye utando mweupe wa kunywa wino. Diski hizo huuzwa zikiwa na maandishi yanayoonyesha kwamba zinafaa kuchapwa kwa mashine ya wino.

HESABU YA GHARAMA

Mashine za wino zimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza hutumia katriji ndogo: mashine ni rahisi, wino ni ghali. Kundi la pili hutumia matangi yanayojazwa kwa chupa: mashine ni ghali, wino ni rahisi. Bei zifuatazo ni za mfano wa darasani. Mwalimu aweke mahali pake bei za maduka ya mji wake.

Mashine A, ya katriji: bei shilingi 300,000. Seti ya katriji ni shilingi 120,000, nayo huchapa diski 150 zilizojaa rangi. Gharama ya wino kwa diski moja ni shilingi 800.

Mashine B, ya matangi: bei shilingi 900,000. Seti ya chupa ni shilingi 150,000, nayo huchapa diski 1,500. Gharama ya wino kwa diski moja ni shilingi 100.

Ikiwa N ni idadi ya diski, gharama zote ni hizi:

Mashine A: 300,000 + 800N
Mashine B: 900,000 + 100N

Mistari hii miwili hukutana pale 700N inapokuwa sawa na 600,000, yaani N ikiwa 857 na kidogo. Ukweli wa jambo huonekana vema idadi tatu zikilinganishwa:

Diski 200: A ni shilingi 460,000, B ni shilingi 920,000.
Diski 1,000: A ni shilingi 1,100,000, B ni shilingi 1,000,000.
Diski 3,000: A ni shilingi 2,700,000, B ni shilingi 1,200,000.

Kwa hiyo hakuna mashine iliyo nafuu kwa kila mtu. Shule inayochapa diski 200 kwa mwaka itahitaji zaidi ya miaka 4 kabla mashine B haijaanza kuwa na faida, na katika muda huo mashine yaweza kuharibika. Lakini shule tano za kata moja zikichanga fedha na kununua mashine B kwa pamoja, zitachapa diski 1,000 kwa mwaka, na faida itaanza kabla mwaka wa kwanza haujaisha. Ushirika katika jambo hili huleta akiba inayohesabika.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hulisahau, nalo ni eneo linalofunikwa na wino. Diski yenye uso wa kuchapwa kuanzia kipenyo cha milimita 22 hadi 118 ina eneo la:

0.785 × (11.8 × 11.8 − 2.2 × 2.2) = sentimita mraba 105 na nusu takriban.

Karatasi ya A4 ina sentimita mraba 624 hivi. Basi wino wa ukurasa mmoja uliojaa picha hutosha karibu diski sita. Sasa ichukuliwe kwamba picha ya rangi imeachwa, na badala yake yameandikwa maneno meusi yanayofunika sehemu moja ya kumi tu ya uso. Wino wa mashine A hushuka hadi shilingi 80 kwa diski, na wa mashine B hadi shilingi 10. Mistari ya gharama itakutana pale N inapozidi 8,571. Kwa maneno mengine, shule inayoandika jina, tarehe na namba peke yake haina sababu ya kununua mashine ya bei kubwa. Hesabu hii haikuingiza wino unaopotea wakati mashine inaposafisha kichwa chake, ambao hutumika hata pasipo kuchapa. Hata hivyo mwelekeo wake ni sahihi.

Na kwa mwenye diski 20 au 30 kwa mwaka, kalamu ya ncha laini na mwandiko safi vinatosha. Mashine ya kuchapia diski isinunuliwe kwa kazi ndogo namna hiyo, isipokuwa kama itachapa pia picha na vitambulisho vya shule.

MAMBO YA KUCHUNGUZA DUKANI

Kwanza, mashine iwe na trei ya diski na njia iliyonyooka ya kuipitisha. Mashine nyingi za wino hazina. Epson imeuza mashine za matangi zenye trei hiyo, kama vile L805 na baadaye L8050. Jina la kampuni peke yake halitoshi kuwa ushahidi. Kwa miaka mingi Canon iliuza Ulaya na Japani mashine zenye trei ya diski, ilhali mashine za jina hilohilo zilizouzwa Marekani hazikuwa nayo. Mnunuzi adai kuona trei yenyewe, hasa ikiwa mashine imekwisha kutumika, kwa maana trei iliyopotea huwa vigumu kuipata peke yake.

Pili, ichunguzwe kama wino wa mashine hiyo unapatikana karibu. Wino unaoagizwa kutoka mbali kwa nauli kubwa huvuruga hesabu yote iliyotangulia.

Tatu, iulizwe aina ya wino. Wino wa rangi iliyoyeyuka hung'aa vizuri lakini hutiririka ukiguswa na jasho au maji. Wino wa chembechembe huhimili maji na mwanga zaidi, ingawa si kila diski huushika vema. Zinunuliwe diski chache za majaribio kabla ya kununua kasha zima.

Nne, mashine ichape diski moja mbele ya mnunuzi. Mistari myeupe katika picha ni dalili ya vitundu vilivyoziba.

MATUMIZI NA MATUNZO

Habari zirekodiwe kwanza, kazi ambayo mafundi huiita kuchoma. Kisha diski isomwe yote kuhakikisha kwamba haina kosa, ndipo ichapwe. Atakayechapa kwanza atapoteza wino kila diski inaposhindwa kurekodiwa, na vidole vyake vitaacha mafuta upande wa kusomea. Baada ya kuchapwa, diski ziachwe bila kurundikwa kwa saa 24 ili wino ukauke kabisa. Wakati wa mvua za masika muda huo uongezwe.

Adui mkubwa wa mashine ya wino ni kukaa bure. Wino ukikauka ndani ya vitundu, kusafisha kwake hula wino mwingi, na pengine kichwa hakifufuki. Ukurasa mmoja wenye rangi zote uchapwe kila wiki, hata wakati wa likizo. Mashine izimwe kwa kitufe chake na si kwa kuchomoa waya ukutani, maana kitufe huipa nafasi ya kurudisha kichwa chini ya kifuniko chake. Umeme ukikatika kazi ikiendelea, mashine iwashwe mara umeme urudipo ili kichwa kijifunike. Vumbi nalo lizuiwe kwa kitambaa safi.

Mwisho, pasiwe na diski moja tu ya jambo lolote lenye thamani. Nakala mama isichapwe picha wala isibandikwe chochote. Iandikwe namba kwa kalamu laini katika duara la plastiki lililo karibu na tundu, ambako hakuna habari, na iwekwe mahali penye giza na ubaridi. Mapambo yawe kwa nakala za kugawa. Shule itakayofuata utaratibu huu yaweza kupoteza diski kumi mikononi mwa wasomaji, lakini haitaipoteza sauti ya mzee aliyekwisha kuondoka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini mkwaruzo wa upande wa juu ni hatari zaidi kwa CD kuliko kwa DVD.

2. Karatasi ya gundi yenye masi ya gramu 1 imebandikwa milimita 2 nje ya kitovu. Kokotoa kani ya mzunguko diski inapozunguka mara 5,000 kwa dakika. Je, jibu ni kubwa au dogo kuliko la mfano uliotolewa? Kwa nini?

3. Diski za zamani zilichapwa kuanzia kipenyo cha milimita 46 hadi 116 tu. Tafuta eneo lake, kisha lilinganishe na lile lililokokotolewa katika makala.

4. Tafuta bei za mashine mbili na za wino wake katika mji wako. Chora grafu ya gharama zote dhidi ya idadi ya diski, na uonyeshe mahali mistari inapokutana.

5. Shule yako inatarajia kuchapa diski ngapi kwa mwaka? Kwa kutumia grafu yako, ishauri shule inunue mashine ipi, ishirikiane na shule nyingine, au itumie kalamu.